Kabati la Mwalimu Tumapang

Jumatatu, 16 Juni

Muhula umefunguliwa leo. Bendera imepanda ikiwa imelowa, wimbo wa taifa tumeuimba chini ya miavuli, na mwalimu mkuu wetu, Eusebio Tumapang, ametuhutubia juu ya nidhamu, usafi na mali ya serikali. Hasa mali ya serikali. Ofisini kwake lipo kabati la chuma lenye makufuli mawili, na ndani mna vishikwambi arobaini vilivyoletwa na idara mwaka juzi. Vingi bado vina ile karatasi laini ya kiwandani juu ya kioo. Funguo anazo yeye kwenye mkanda, utazisikia zikilia kabla hujamwona mwenyewe. Watoto wanamwita Kufuli. Mbele yao nawakanya, nikifika nyumbani nacheka peke yangu.

Nimemwomba tena. Nimemwambia, Mwalimu, nipe vishikwambi kumi na viwili tu, vya watoto wa Bagnay, kabla mto haujajaa. Akanitazama kana kwamba nimemwomba figo.

"Mwalimu Petra, mimi nastaafu Desemba," akasema. "Bila kibali kwamba kila nilichotilia sahihi kipo na ni kizima, pensheni nitaisikia kwa wenzangu. Kimoja kikivunjika, utanilisha wewe?"

"Vimeletwa vitumike."

"Vimeletwa vitunzwe. Soma waraka."

Nimeusoma waraka. Aliyeuandika hajawahi kuvuka mto na begi kichwani.

Jumanne, 17 Juni

Mvua. Nimelehemu nyaya za betri, nimeungua kidole.

Ijumaa, 27 Juni

Niliandike jambo lenyewe vizuri, nisije nikasoma haya uzeeni nikadhani nilikuwa na wazimu.

Bagnay ni kitongoji ng'ambo ya mto Siblat. Kiangazi watoto wanavuka kwa kukanyaga mawe, wanafika shuleni viatu mkononi. Daraja la kamba lilibebwa na kimbunga. Nguzo zimebaki, na ahadi zimebaki. Mto ukijaa Julai, watoto hatuwaoni tena mpaka karibu na Oktoba. Huwa tunawapelekea vijitabu vya mazoezi. Vinafika vimelowa, akina mama wanavikausha na kuwashia moto, na sithubutu kuwalaumu, kwa sababu hata mimi nimevisoma. Mtihani wa mwisho wa Septemba unawakuta mikono mitupu. Kila mwaka mmoja wawili wanaacha shule, wanapanda lori la mboga kwenda kulima kabichi Buguias.

Mwaka huu inasemekana ni zamu ya Rhealyn, wa darasa la sita, mtoto anayeuliza maswali mpaka unaitamani kengele. Mama yake, Sabel, kaniambia sokoni bila kupepesa: "Akifeli Septemba, anakwenda kwa shangazi yake. Kabichi haina mtihani."

Mimi napenda mitambo. Baba alikuwa fundi redio wa wachimba migodi, nikajua kushika chuma cha kulehemea kabla sijajua sindano. Mama akasema sitapata mume. Hilo alipatia, na sijawahi kulalamika. Wenzangu wakipata posho wananunua mabati, mimi nanunua kebo. Mwaka mzima nimekuwa nikiunda kisanduku changu: kompyuta ndogo ya ukubwa wa kipande cha sabuni, betri ya pikipiki, paneli ya sola. Hakihitaji intaneti. Kinarusha masomo nyumba nzima, na mtoto mwenye kishikwambi anayadaka. Masomo yote ya muhula nimeyarekodi kwa sauti yangu mwenyewe, kuanzia sehemu hadi mzunguko wa damu. Kinachokosekana ni vioo vya kuyatazamia, na vioo vimelala kabatini vinasubiri pensheni ya mtu.

Jumamosi, 5 Julai

Nimepeleka kisanduku Bagnay, maji yakiwa magotini. Nimekifunga nyumbani kwa Sabel kwa sababu paa lake halivuji na ulimi wake unasikika kitongoji kizima. Akina mama wamejaa mlangoni. Sabel akakigonga kwa kucha kama anayepima boga.

"Mwalimu, hiki ndicho kitafundisha?"

"Hiki, na vishikwambi nitakavyoleta."

"Mwanangu mkubwa nilimnunulia simu asome. Alichosoma ni wasichana."

Wakacheka wote, nikacheka nao. "Humu hamna wasichana," nikasema. "Nimo mimi tu."

"Basi hawataangalia."

Wakacheka zaidi. Nilikula viazi vyao, nikanywa kahawa yao, nikarudi nimenuna njia nzima. Nilimwona Sabel mwanamke mjuaji asiyejua. Nayaandika kama nilivyoyahisi.

Jumatatu, 7 Julai

Nimemwomba Tumapang tena. Hapana.

Alhamisi, 10 Julai

Tena. Hapana. Safari hii hakuinua hata macho kwenye kahawa yake.

Ijumaa, 18 Julai

Leo alikuja mkaguzi kutoka mjini, Bi Leonila Verzosa, pamoja na mpiga picha. Mkaguzi akija, kabati hufunguliwa. Sisi walimu tunaujua utaratibu kama sala: watoto wananawa mikono hadi viwiko, wanavalishwa sare za kuazima, wanapangwa wenye meno mazuri mbele. Vishikwambi vinawashwa vyote kwenye picha ileile ya ua jekundu. Watoto wanatazama ua. Mpiga picha anawapiga wakitazama ua. Gari likiondoka, Tumapang anapita na kitambaa, anafuta alama za vidole na kuhesabu.

Leo Rhealyn, kwa sauti yake kali kama kengele, akauliza mbele ya mkaguzi: "Mwalimu, leo tunaruhusiwa kugusa, au tunashika tu?"

Bi Verzosa alicheka kwa adabu, akidhani ni utani. Tumapang aligeuka rangi. Mimi kitu kilinikatika ndani, na kilichokatika ni uvumilivu.

Gari lilipoondoka, Tumapang alianza na kitambaa chake. Nikasimama katikati ya darasa.

"Watoto wa Bagnay," nikasema, "msirudishe. Tieni kwenye mabegi. Kila kimoja kifungwe kwenye mfuko wa plastiki, na chaja yake."

Tumapang akaacha kufuta.

"Mwalimu Petra, unafanya nini?"

"Nagawa vifaa vya kufundishia. Andika jina langu, vyote kumi na viwili."

"Jina lako halina uzito huko. Sahihi ni yangu."

"Basi mwite mkaguzi. Gari halijafika hata kona."

Aliitazama barabara. Niliona mkono wake ukienda kwenye simu, ukarudi. Nilijua hatapiga, maana ingembidi aeleze kwa nini watoto waliopigwa picha na vishikwambi miaka miwili hawajui kitufe cha kuwashia kiko wapi.

"Unanizika, Petra," akasema polepole. Hakusema Mwalimu Petra. Kisha akakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakamfika kifuani.

Nikawasindikiza watoto mpaka mtoni, nikawaangalia wakivuka mmojammoja wakishikana mikono, mabegi kichwani. Sijutii, na liwalo na liwe.

Jumatatu, 21 Julai

Mto umejaa. Njia ya Bagnay imefungwa.

Ijumaa, 25 Julai

Tumapang hanisemeshi. Tunakaa meza moja ya walimu, yeye anamwambia mlinzi: "Mwambie Mwalimu Petra anipitishie sukari." Mlinzi ananitazama, mimi napitisha. Mlinzi amesema akiongezewa mshahara atafanya kazi hiyo kwa moyo wote.

Jumatatu, 4 Agosti

Mvua. Hakuna habari kutoka Bagnay. Huko simu inashika mahali pamoja tu, kando ya zizi la nguruwe wa Sabel, na kwa mvua hii hakuna atakayesimama pale kwa ajili ya kunituliza roho.

Jumatano, 13 Agosti

Ujumbe wa Sabel umeingia wakati nasahihisha: "Mwalimu vyote vipo. Kimoja kimeiva. Usije mto mkali."

Kimeiva?

Nimempigia mpaka kidole kimechoka. Hapatikani.

Alhamisi, 14 Agosti

Kimeiva maana yake nini?

Jumamosi, 16 Agosti

Mvua imepumzika siku mbili, nikapita kivuko cha juu. Maji kiunoni, mbele yangu mwanamume wa Bagnay na kamba. Nimefika natetemeka, sijasalimia nikauliza: "Kiko wapi kilichoiva?"

Sabel akanionyesha juu ya jiko.

Kila nyumba huku kwetu ina dari ya fito juu ya moto. Hapo ndipo tunapoweka mbegu za mpunga, nyama ya chumvi na kila kitu cha thamani ambacho hakitakiwi kuguswa na unyevu. Kwa mvua hizi, akina mama walikaa wakashauriana: hivi vitu ni vya thamani, vinachukia maji, basi viwekwe mahali pa heshima. Wakavipanga juu ya moto, kando ya mguu wa nguruwe. Kumi na kimoja walivibadilisha nafasi mapema, watoto walipolalamika kwamba vinanuka. Cha kumi na mbili kilisahaulika pembeni wiki nzima. Kioo kimekuwa rangi ya chai, mgongo umevimba kama tumbo la mtoto aliyevimbiwa.

"Mbegu tunaziweka hapo tangu enzi za bibi yangu," Sabel akasema. "Sijaona mbegu ikivimba."

Ningekasirika. Nilijiandaa kukasirika. Lakini nilikumbuka Tumapang naye ameviweka mahali pa heshima, na akina Sabel angalau wametumia kumi na kimoja. Nikacheka mpaka nikashika nguzo. Betri iliyovimba nikaitoa nje mwenyewe kwa uangalifu, nikawaeleza kwa nini ni hatari, nikaizika mbali na nyumba. Vingine tumevihamishia kwenye sanduku la mbao, ukutani.

Kisha nikawaambia watoto, haya, nionyesheni masomo. Wakatazamana. Rhealyn akawasha sehemu na desimali. Picha zilikuwa zangu, michoro yangu. Sauti haikuwa yangu.

"Nani anaongea humu?"

"Mimi," akasema Rhealyn.

"Na sauti yangu iko wapi?"

Wakatazamana tena. Mdogo mmoja wa darasa la tatu akasema kwa huruma: "Mwalimu, ukiongea tunalala."

"Halafu unaongea kama mtu wa mjini," Rhealyn akaongeza, "na kwenye somo la nne ulikosea. Theluthi mbili uliisoma mbili na theluthi. Kwa hiyo nimerekodi upya yote mpaka somo la tisa. Wadogo wananielewa."

Nimesikiliza somo la nne. Nilikosea kweli. Na yeye anaelezea sehemu kwa kugawa mafungu ya maji ya kumwagilia mashamba, shamba la nani linapata theluthi, la nani robo, ugomvi wa kila siku ambao kila mtoto wa Bagnay amezaliwa ndani yake. Mimi nilikuwa nimetumia keki. Sijui nani Bagnay aliwahi kukata keki.

Mwaka mzima wa kazi yangu umefutwa na mtoto wa darasa la sita. Niliona wivu, na nilipomaliza wivu niliona furaha kubwa sana. Njiani kurudi nilikuwa naimba ndani ya maji, yule mwenye kamba akaniuliza kama nimepewa pombe ya mchele.

Jumatano, 27 Agosti

Tumapang amenisemesha. Mlinzi alikuwa mgonjwa.

"Vizima?" akauliza.

Ningeweza kumdanganya. "Kumi na kimoja vizima. Kimoja kimefukizwa."

Akafumba macho. "Juu ya jiko."

"Umejuaje?"

"Mimi mtoto wa Besao, wa milima hii hii, Petra. Hata cheti changu cha ndoa mama aliweka juu ya jiko." Akachezea funguo. "Nilikuwa na rafiki, alikuwa mwalimu mkuu ng'ambo ya mlima. Radi ilipiga kompyuta ya shule. Radi, siyo yeye. Alizunguka ofisi za mjini akitafuta muhuri mpaka akafa, kibali hakijatoka. Mkewe anauza maharage stendi. Kila nikipita nanunua kwake."

Sikujua. Miaka yote nimemwona mtu mwenye roho ya kutu. Sasa namwona mtu aliyeogopa, na uoga wake una sababu. Hata hivyo nilimwambia: "Pole, Mwalimu. Sivirudishi."

"Sikukuomba," akasema, akatoka.

Jumatatu, 1 Septemba

Waraka kutoka mjini: Bi Verzosa anakuja tarehe 11 kuhesabu vishikwambi vyote. Vyote viwe mezani.

Jumanne, 9 Septemba

Kimbunga kilipita jana. Shule imepoteza mabati ya choo. Bagnay kipande cha ngazi za mashamba zilizochongwa mlimani kimeporomoka usiku na mpunga wake. Hakuna aliyeumia, mshukuriwe Mungu. Sabel amenipigia kutoka zizini, upepo unavuma: wazee wao wametangaza tengaw, siku tatu. Hakuna jembe kwenda shambani, hakuna mgeni kuingia, hakuna mwenyeji kutoka, mpaka ardhi itulie.

"Watoto je?" nikauliza.

"Tulijadiliana. Bibi mmoja kauliza, kishikwambi kina mpini? Hakina mpini. Basi siyo jembe. Wanasoma tangu asubuhi, na sisi wakubwa kwa kuwa hatuna pa kwenda tumekaa nyuma yao. Mwalimu, moyo wa mtu una vyumba vinne?"

"Vinne."

"Na bado wanaume wanasema hawana nafasi."

Nikamweleza habari ya mkaguzi na tarehe 11. Akasema, "Tengaw siyo mchezo, Mwalimu." Nikamwambia najua. Mimi ni wa huku. Haikunijia hata kuuliza kama mtu anaweza kuchomoka navyo kwa dakika mbili.

Alhamisi, 11 Septemba

Bi Verzosa aliwasili saa tatu. Alihesabu ishirini na nane, akatazama meza, akamtazama Tumapang.

"Vingine?"

Nikafungua kinywa, Tumapang akanitangulia. "Viko kwa wanafunzi. Bagnay."

"Vilete."

"Haiwezekani leo."

"Basi twende." Ni mwanamke wa nyanda za chini, mchapakazi, hana makuu, alivua viatu akavuka kivuko cha juu kwa kamba kama sisi, ubao wa kuandikia ukiwa begani, kiatu kimoja kikaenda na maji na hakulalamika. Lazima niseme hilo kwa haki.

Ng'ambo, njia inapoanza kupanda kwenye ngazi za mashamba, paliwekwa tete limefungwa fundo juu, limechomekwa katikati ya njia. Tete moja tu, mtoto angeweza kuliruka. Mimi na Tumapang tukasimama. Bi Verzosa akainua mguu.

Tumapang akamshika mkono. Sijawahi kumwona akimgusa mtu wa ofisi ya mjini isipokuwa kumpa mkono na kuinama.

"Hapana, Mama. Hapo hupiti."

"Ni majani, Mwalimu Tumapang."

"Ni mlango. Umefungwa."

"Unajua nikiandika kwamba kumi na viwili havikuonekana, wewe utakuwa na hali gani Desemba?"

"Najua kuliko mtu yeyote," akasema Tumapang. Mkono hakuuachia. "Andika utakavyo. Hupiti."

Nilikuwa nimejiandaa kupigana na watu wawili, na mmoja wao alikuwa amesimama upande wangu.

Wakati huo watoto walikuwa wametuona. Wakajitokeza juu ya ukuta wa shamba la kwanza, ndani ya mpaka wao, akina mama nyuma yao. Nikapiga kelele: "Rhealyn, mkaguzi anataka kuhesabu!"

Sikuhitaji kurudia. Wakajipanga ukutani. Mmojammoja akainua kishikwambi juu ya kichwa, akakigeuza, akasoma namba ya mgongoni kwa sauti. Bi Verzosa, akiwa na kiatu kimoja, akaketi juu ya jiwe na kuanza kuweka alama. Kila mtoto aliyesoma alikiwasha kwanza bila kuambiwa. Hapakuwa na ua jekundu hata moja. Cha huyu kilikuwa na hesabu, cha yule moyo wa mtu uliochorwa vyumba vinne, cha mdogo wa darasa la tatu mchoro wa nguruwe aliouchora mwenyewe.

Cha mwisho alikiinua Sabel. Kioo rangi ya chai.

"Hicho hakiwaki," akasema Bi Verzosa.

"Hakiwaki," Sabel akajibu. "Tulikiivisha. Kosa ni letu, siyo la Mwalimu."

Bi Verzosa akamgeukia Tumapang, kalamu hewani. "Hali yake niandike nini? Kizima au kibovu?"

Tumapang alikitazama kwa muda. Hicho kimoja ndicho alichokuwa akikiota kwa hofu miaka miwili.

"Andika kimetumika."

"Hakuna nafasi ya jibu hilo."

"Pembeni pana nafasi, Mama. Andika pembeni."

Akaandika. Kurudi, Tumapang ndiye aliyenishika mkono kwenye maji makali.

Jumatatu, 15 Septemba

Barua mbili kutoka mjini. Ya Tumapang: vishikwambi vyote kumi na viwili virudi ofisini ifikapo Ijumaa. Yangu: nijieleze kwa maandishi kwa nini nisichukuliwe hatua. Nimeikunja nikaitia mfukoni, kisha nimefundisha darasa la tano umeme. Walipenda.

Mtihani ni tarehe 26. Vikirudi Ijumaa, siku za mwisho ndizo watakazozikosa. Nimepeleka habari Bagnay, tengaw imeisha. Sabel hakujibu kitu ila "Haya."

Hiyo "haya" imeniudhi. Niliona kama wamechoka.

Ijumaa, 19 Septemba

Asubuhi mto ulikuwa umepungua kidogo. Saa nne tukasikia sauti getini. Akina mama wa Bagnay wote, miguu mitupu, matope hadi mapajani, watoto wote nyuma yao. Waliingia moja kwa moja ofisini kwa Tumapang, waliokosa nafasi wakajaa dirishani. Sabel akavipanga vishikwambi mezani kimoja baada ya kingine, chaja zikiwa zimeviringishwa vizuri. Kile kilichoiva akakiweka juu. Vilinuka moshi na nyama, ofisi nzima ikanuka jiko.

"Tumeambiwa mali ya serikali irudi," akasema. "Imerudi. Hesabu."

Tumapang akahesabu kwa macho. "Ahsante, Mama Sabel. Vimetimia."

"Havijatimia." Akamvuta Rhealyn mbele kwa bega, kisha wa pili, kisha yule mdogo wa darasa la tatu. "Hawa nao tuliwaandikisha hapa kwamba ni wa serikali. Vitu hivi vikibaki, wao wanabaki navyo, maana masomo yao yamo humu. Mto unajaa tena mchana. Tuambie mtawalaza wapi, na kwenye kabati gani."

Hakupandisha sauti. Mimi nilisimama karibu na mlango na nilitamani kumkumbatia, mwanamke niliyemwita mjuaji asiyejua.

"Na huyu," akaongeza, mkono bado begani kwa Rhealyn, "shangazi yake Buguias nimeshamwambia atafute mtu mwingine wa kabichi. Afaulu asifaulu. Wadogo wanamsikiliza huyu, nani atawafundisha akiondoka?"

Rhealyn akamtazama mama yake kwa haraka. Ilionekana ndiyo kwanza anasikia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuuliza swali.

Tumapang akakaa. Akaichukua ile barua ya mjini, akaisoma tena tangu juu. Kisha akaiweka chini ya kikombe cha kahawa. Akaanza kuvitia vishikwambi kwenye mifuko yao ya plastiki, kimoja kimoja, akikunja mdomo wa mfuko mara mbili ili maji yasipite, na kila alipomaliza kimoja alimkabidhi mtoto aliye karibu. Kile kilichoiva akakibakiza.

"Hiki nitakaa nacho mimi," akasema. "Wakiniuliza, nitawaeleza."

Akatazama dirishani. "Mwalimu Petra, mvua ya mchana inakuja. Wavushe kabla mto haujajaa."

Sikumshukuru, angeona haya, nami ningelia. Nilichukua mwavuli.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimekaa kuandika maelezo yangu ya mjini. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa nne, zenye waraka, kifungu na heshima zote. Nimeichana. Rasimu ya pili ilikuwa na pole. Nimeichana pia.

Nitakayotuma ni hii: "Ndiyo, nilivitoa. Bado viko nje."